Kusalimia Ukiwa Juu ya Baiskeli

Shule yangu iliishia darasa la nne, huko Nzega, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri kwa sababu nyumbani ng'ombe walikuwa wengi na wa kuwachunga tulikuwa wachache. Kwa hiyo ukiona nimeanza jambo nikaliacha njiani nikashika lingine, nivumilie, nitalirudia. Jambo lenyewe ni hili: mwaka juzi nilikwenda Ufaransa, nikiwa na miaka sabini na mbili, kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe, na sikwenda kwa starehe. Nilikwenda ili nisinyang'anywe baiskeli yangu hapa Rågsved, pembeni mwa Stockholm, Uswidi.

Baiskeli hiyo niliinunua mwaka niliostaafu. Nimesafisha treni za mstari wa kijani miaka ishirini na saba, kule zinakopelekwa kupumzika, na mtu akishafagia makombo ya wenzake miaka yote hiyo hatamani tena kuingia ndani ya behewa kama hana lazima. Treni naijua kwa ndani. Najua ni kiti gani watu hupenda kubandika ubani wa kutafuna kwa chini, na najua watu wa Hässelby wanasahau miavuli kuliko watu wa upande wetu, labda kwa sababu wanashuka mwisho wa njia na usingizi umewashika. Basi nikanunua baiskeli nyeusi, nzito, imara, nikawa nazunguka ziwa la Magelungen kila siku isipokuwa siku za barafu. Mke wangu ni mtu wa Tanga, hasemi maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Alipoona naipangusa matairi kwa kitambaa alisema, "Umeniletea mke mwenza," akaenda zake jikoni.

Sasa Novemba moja majani yalikuwa yameanguka njiani, yameloa, nikateleza kwenye mteremko wa kwenda stesheni. Nilianguka kwa heshima, upande upande, polepole, kama ng'ombe anayejilaza. Hakuna kilichovunjika. Lakini siku hizi huanguki peke yako, lazima awepo mtu mwenye simu, na kabla sijajipangusa matope binti yangu alikwisha pata habari.

Binti yangu amezaliwa hapa hapa. Kazi yake ni kunyoosha viungo vya wazee na kuwafundisha kutembea tena. Mimi nasema naye Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, tumekwenda hivyo tangu ana miaka minne na hatujawahi kukosana kwa ajili hiyo. Tunakosana kwa mambo mengine. Alikuja siku ile ile, akanikunja goti, akalikunjua, akanitazama kama fundi anayetazama redio ya zamani. Kisha akateremka kwenye chumba cha baiskeli cha jengo letu, akaifunga ile nyeusi kwa kufuli lake mwenyewe, akatia funguo mfukoni. Akasema ataiuza. Akasema kila wiki anawashika mkono wazee waliovunjika nyonga, na hataki siku moja amshike mmoja anayefanana naye sura.

Nikagoma. Siku nne nilikula bila kuongea, na mimi nikinyamaza hata majirani wanajua kuna msiba. Majira ya baridi yakapita, nikawa natazama watu wengine wakizunguka ziwa. Ilipofika majira ya kuchipua, akaja na sharti.

Yeye mwenyewe huendesha baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na matairi manene kidogo. Alikuwa anapanga kwenda Ufaransa mwezi wa tisa, kwenye njia ambayo zamani ilikuwa reli. Vyuma walikwisha ving'oa, wakamwaga changarawe, magari hayaruhusiwi hata kunusa. Siku tatu, kulala nyumba za wageni, siku ya mwisho kufika mji wenye stesheni na kupanda treni ya saa kumi na dakika kumi, kwa sababu ni hiyo tu jioni ile inayobeba baiskeli, na baiskeli zenyewe, za kukodi, zilitakiwa kurudishwa kule tulikoanzia. Sharti likawa hivi. Nikifika stesheni kwa miguu yangu na kwa wakati, ananirudishia funguo na hatasema tena habari ya kuuza. Nikipakiwa kwenye gari hata mita kumi, au treni ikituacha kwa sababu yangu, baiskeli inauzwa na mimi sinuni.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mke wangu alinitazama tu, akaenda kutafuta begi.

Nilisema siendi nchi ya watu nisiyojua lugha yake bila mkalimani, kwa hiyo nikamchukua rafiki yangu wa Bukavu. Huyu tulifahamiana kazini, yeye akipiga deki na mimi nikipangusa vioo. Ana miaka sitini na sita, ana tumbo, na Kifaransa chake ni cha shule ya mapadri, kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Baiskeli yeye anaiita kinga, ndivyo wanavyosema kwao, na mimi ananiita yaya, maana yake kaka mkubwa. Kwetu yaya ni binti anayelea watoto. Miaka ya kwanza nilikuwa namkatalia, baadaye nikaona yaya ni yaya, mradi ananiheshimu.

Niseme kidogo habari ya kaptura, kisha tunaondoka. Binti yangu alituletea kaptura za kazi hiyo, nyeusi, za kubana, zina godoro makalioni. Nilipoivaa nikajiona kwenye kioo ni mtoto mchanga aliyefungwa nepi na bado hajabadilishwa. Mimi ni Mwislamu na ni babu wa watu, siwezi kupita mbele ya kaumu na mwili wote umechorwa. Nikavaa suruali yangu ya kazi juu yake, ile ya kusafishia treni yenye mistari inayong'aa. Rafiki yangu hakuvaa kitu juu ya kaptura yake. Alipotoka chumbani asubuhi ya kwanza, binti yangu aligeuka akajifanya anatazama tairi, na akaendelea kutazama tairi muda mrefu.

Njia yenyewe, nisiseme uongo, ni nzuri. Kwa kuwa ilikuwa reli, haina kilima cha kukutukana. Treni hazipandi milima, kwa hiyo na wewe hupandi. Inakwenda tu, inanyanyuka kidogo, inalala kidogo, miti huku na huku imekutana juu. Changarawe chini ya tairi inalia kama mtu anayetafuna kashata. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna hata mtu wa haraka. Kuna mashamba, kuna mizabibu, na kuna ng'ombe weupe pee, wanene, hawana nundu. Nilisimama uzioni nikamtazama fahali mmoja mpaka naye akaona haya. Mtu wa Nzega humtoi hapo kwa dakika mbili. Binti yangu alirudi kunifuata akasema bado hatujamaliza kilomita nane.

Hapo sasa ndipo nilipokutana na shida ambayo sikuitarajia, na haikuwa ya mapafu wala ya njia.

Kuzunguka Magelungen nimezunguka miaka saba na hakuna anayenisalimia. Si ubaya, ndivyo walivyo. Ukimsalimia mtu kando ya ziwa anageuka nyuma kuona umemsalimia nani. Na mimi nikazoea, nikawa napita kama upepo. Ufaransa kule mashambani sivyo. Tulipita mzee mmoja amesimama kwenye bustani yake na mkasi wa kukatia miti, akainua kofia, akatuamkia, bonjour. Binti yangu akajibu akapita, rafiki yangu akajibu akapita. Mimi nikashika breki, nikashuka.

Sikufikiri. Miguu ilishuka yenyewe. Kwetu, ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mtu mzima, unashuka. Unasimama chini, unashika usukani kwa mkono mmoja, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, mnaachana, unasukuma hatua chache, ndipo unapanda. Kumsalimia mkubwa ukiwa juu ya kiti ni sawa na kumsalimia ukiwa umempanda mabegani. Nilipokuwa na miaka kumi na nne nilimpita jirani yetu nikamrushia shikamoo nikiwa juu, nikaendelea kukanyaga pedeli. Yule mzee hakunijibu. Alikwenda moja kwa moja kwa baba. Baba hakunipiga, alifungua gurudumu la mbele, akalitundika ukutani mwa ghala, likakaa pale mpaka mavuno yakaisha. Kila nilipokwenda kula nililiona.

Sasa niseme kitu kuhusu goti langu, kitu ambacho binti yangu pamoja na utaalamu wake wote hakukijua kwa sababu nilikificha. Goti langu la kulia kuendesha halina neno. Lizungushe siku nzima, litazunguka. Lisilotaka ni kurushwa. Ule mguu unaourusha nyuma juu ya kiti wakati wa kupanda na kushuka, hapo goti linasema ka, na mimi nauma meno. Rågsved napanda mara moja, nashuka mara moja, nani atajua? Lakini Bourgogne, jimbo hilo la Ufaransa tulilokuwa tunalipita, ambako watu wote wanaokaa kando ya njia ni wastaafu na wote wana adabu, siku ya kwanza nilishuka mara kumi na tisa.

Jioni binti yangu alitazama simu yake akasema tumechelewa saa moja na nusu. Aliniuliza kama nachoka. Nikasema sichoki. Akaniuliza kama napumzika pumzika njiani. Nikasema sipumziki. Akaandika kitu kwenye simu, na mtu wa hospitali akiandika kitu bila kukuonyesha, sijui wewe, mimi huwa silali vizuri.

Siku ya pili nikapata akili. Nikajiambia, wewe mwenyewe una miaka sabini na mbili, kwa nini ushuke kwa ajili ya mtu wa sitini? Yeye ndiye mdogo, acha akuamkie. Nitashuka kwa wakubwa zangu tu. Hesabu nzuri, ila ina tundu moja: Mzungu humjui miaka yake kwa kumtazama. Wa miaka hamsini amekauka na jua, wa tisini amevaa kaptura. Kwa hiyo ilibidi kuuliza, na wa kuuliza ni mkalimani.

Wanaume hawakuwa na tabu. Nasimamisha baiskeli, mguu mmoja chini, bado sijashuka kabisa, namwambia rafiki yangu, "Muulize ana miaka mingapi." Anauliza. Wakisema themanini, nashuka. Wakisema sitini na tano, napunga mkono naendelea. Wazee wa kule walidhani tunafanya kazi ya serikali. Mmoja akaenda ndani kuleta kitambulisho.

Kisha tukamkuta mama mmoja anapalilia maua kando ya njia, nywele nyeupe, kofia ya majani. Akatuamkia vizuri sana. Nikamwambia rafiki yangu aulize. Yeye akaangalia mbali.

"Yaya, huyu ni mama ya watu," akasema. "Mama haulizwe miaka. Huku Fransi banaweza kukupeleka polisi."

Nikamwambia mimi siwezi kujua nishuke au nisishuke, aulize kwa adabu. Akauliza, lakini kwa maneno mengi mno, akizunguka, akivua kofia. Yule mama akacheka. Akanitazama, akasema, kwa mujibu wa mkalimani, nikisie mwenyewe.

Mimi kwa kutaka kumpa heshima, maana kwetu ukimwongezea mtu miaka umemwongezea hadhi, nikasema themanini na tano.

Rafiki yangu akakataa kutafsiri. Nikamwonyesha yule mama kwa vidole, nane, kisha tano. Alikuwa na sitini na nane. Alitoa jibu kwa vidole vile vile, polepole, kimoja kimoja, na alipomaliza alirudi kwenye maua yake akatupa mgongo. Nikashuka kabisa, kwa aibu tu, ijapokuwa kwa hesabu yangu alikuwa mdogo. Goti likasema ka. Tangu hapo rafiki yangu akatangaza kwamba Kifaransa kimemwisha, na kweli mpaka jioni alikitumia kwa chakula tu.

Jioni hiyo binti yangu aliweka simu mezani. Tulikuwa tumechelewa kuliko jana. Akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha, kwamba si aibu mtu kuchoka, kwamba kesho asubuhi anaweza kumwomba mwenye nyumba ya wageni anipeleke stesheni kwa gari, na ile baiskeli nyeusi tutampa mtu atakayeitunza. Mimi sikuweza kujitetea, maana kusema habari ya salamu ni kusema habari ya kushuka, na habari ya kushuka inaishia kwenye goti. Rafiki yangu, mdomo umejaa jibini, ndiye aliyenichongea.

"Papa yako hachoke," akamwambia. "Iko anasalimia bantu."

Akaeleza yote, mara kumi na tisa, miaka, vidole, yule mama. Goti tu hakulitaja kwa kuwa hakulijua. Binti yangu alicheka mpaka akaweka uso kwenye meza. Kisha akakaa sawa, akatoa amri. Kesho hakuna kushuka. Kesho ni kilomita hamsini na mbili, treni haitasubiri, na nitainua mkono kama Wafaransa wenyewe wanavyofanya, na hao wazee hawatadhurika. Akaniuliza kama naitaka baiskeli yangu au siitaki.

Nikasema naitaka.

Basi siku ya tatu niliendesha kama kijana aliyetumwa dawa. Mkono juu, bonjour, napita. Mkono juu, bonjour, napita. Mwanzoni kila mmoja aliniuma, baadaye nikazoea, na hilo la kuzoea ndilo lililoniuma zaidi, lakini sikusimama. Saa sita mchana tulikuwa mbele ya wakati. Binti yangu alinikatia tikiti maji akanipa kipande kikubwa kuliko chake. Rafiki yangu akanywa divai glasi mbili, akasema ni kwa ajili ya damu. Moyoni niliiona baiskeli yangu nyeusi imeegemea ukuta wa Rågsved inaningoja.

Zilikuwa zimebaki kama kilomita kumi na mbili. Binti yangu alikuwa ametangulia kukata tiketi, mimi na rafiki yangu tunamfuata nyuma. Kando ya njia kulikuwa na nyumba ndogo, zamani ilikuwa stesheni, jina bado limeandikwa ukutani. Mbele yake ajuza amekaa kwenye kiti cha mbao. Huyu hakuhitaji mkalimani. Alikuwa amejikunja, mikono imebaki mifupa na mishipa, tisini na zaidi. Alipotuona kwa mbali akashika fimbo, akaanza kusimama.

Alikuwa anasimama kwa ajili yetu, anainuka kidogo, anapumzika, anainuka tena. Na mimi nilikuwa na mwendo. Alipofanikiwa kunyooka nilikwisha mpita. Niliinua mkono, nikasema bonjour bila kugeuka.

Nilikwenda kilomita nzima. Nikajisemea huyu Mfaransa hajui habari za Nzega. Nikajisemea hajaona. Nikajisemea baba yangu amekufa zamani. Hakuna lililonisaidia, kwa sababu kila nikikanyaga pedeli nilimwona anainuka. Nikashika breki.

Rafiki yangu akaniuliza kuna nini, pancha? Nikamwambia narudi, yule mama amenisimamia na mimi nikampita. Akatazama saa. Akasema, "Yaya, treni." Nikasema najua. Akasema, "Kinga yako je?" Nikasema hiyo nayo najua, nenda umwambie binti yangu asinisubiri. Alinitazama kidogo, akakaza mkanda wa kofia, akaondoka. Sijawahi kumwona anakimbiza baiskeli vile.

Nilimkuta ajuza amekwisha kaa. Nikashuka, ka, nikavua kofia ngumu, nikainama nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema shikamoo. Ndilo lililotoka. Akanishika asiniachie, akaanza kuongea. Aliongea sana, kwa raha, kama mtu aliyekuwa na mazungumzo hayo tayari. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, nikamweleza habari za ng'ombe weupe wa kwao, nikamwomba radhi. Alitikisa kichwa pale pale panapostahili. Kisha akaingia ndani, akachelewa, akatoka na kahawa kwenye kikombe kinachotetemeka kwenye kisosi, na mtu wa miaka ile akikuletea kitu kwa mikono yake huwezi kumwambia una treni. Nilikunywa mpaka machicha.

Nilipotaka kuondoka, goti likakataa. Nilirusha mguu, ukafika nusu ya kiti ukarudi. Nikajaribu mara ya pili. Mara ya tatu nilishika mti nikaangusha baiskeli. Ajuza alikuwa ananitazama bila huruma yoyote, kama mtu anayetazama kazi inayofanywa vibaya. Akainuka, akatembea na fimbo yake hadi ukingoni, akagonga chini mara mbili. Pale palikuwa na jukwaa la zamani la stesheni, lile watu walilosimama kungoja treni, limeota majani, limenyanyuka kiasi cha goti. Akaniashiria: baiskeli kule chini, wewe huku juu.

Nikaisogeza baiskeli ubavuni mwa jukwaa. Nikasimama juu. Mguu ukavuka kiti bila kurushwa, kama mtu anayeingia kwenye behewa. Ajuza akarudi nyuma hatua moja, akatazama njia upande huu, akatazama upande ule, akainua fimbo. Nikaondoka.

Nilipoinua macho, mita hamsini mbele yangu binti yangu amesimama na baiskeli yake katikati ya njia. Rafiki yangu yuko nyuma yake anahema. Sijui walikuwa hapo tangu lini, ila kwa jinsi alivyokunja uso, mara zote tatu alikuwa ameziona.

"Baba, goti hilo tangu lini?" akaniuliza. Kwa Kiswahili, kitu ambacho huwa anakifanya akiwa na homa au akiwa na hasira.

Nikamwambia goti la kuendesha ni zima, la kurusha ndilo bovu, na ni la zamani.

"Na siku tatu hizi umepanda na kushuka mara ngapi?"

Nikasema sikuhesabu.

"Mingi," akasema rafiki yangu.

Binti yangu akatazama saa. Hata treni yenyewe ingekuwa inachelewa kama za kwetu tusingeiwahi. Nikamwambia mapatano ni mapatano, treni imetuacha kwa sababu yangu, auze, na sitanuna. Na nilikuwa nasema kweli. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyokuwa mwepesi. Nilikuwa nimeshuka pale nilipotakiwa kushuka.

Binti yangu akaja akaniminya goti nikiwa bado juu ya kiti, hapa na hapa, akilizungusha na pedeli. Akarudi kwenye Kiswidi chake. Akasema ataiuza, ndiyo, ile nyeusi. Siku ile ile atanunua nyingine isiyo na chuma cha katikati, ya kuingia kama unavyoingia mlangoni.

Nikauliza, "Ya kike?"

"Ya watu wenye magoti," akasema.

Rafiki yangu aligeukia mizabibu, mabega yanamcheza. Tuliendesha pole pole, hakuna tena wa kutukimbiza, na kwa kilomita tatu nilifikiri watu wa Nzega watasemaje wakiniona nimekalia baiskeli ya kike. Nikaanza kuwahesabu hao watakaosema. Wengi wamekwisha kufa. Waliobaki wanashikwa mkono kwenda chooni. Nikamwambia binti yangu sawa, lakini iwe na kerea imara ya kubebea samaki.

Tulilala mji ule, treni ya asubuhi ikatuchukua, tukarudi Stockholm. Baiskeli ikanunuliwa, rangi ya maziwa. Napanda bila kusikia ka, nashuka nitakavyo, ijapokuwa hapa wa kuwashukia ni wachache. Lakini kuna jambo ambalo sikulikisia, wala binti yangu na utaalamu wake. Mke wangu miaka yote hakuwahi kuigusa ile nyeusi, kwa sababu ya gauni. Hii ya maziwa aliitazama siku mbili bila kusema, siku ya tatu akaketi juu yake akaomba nimshike nyuma. Nilimshika wiki nzima kando ya ziwa nikikimbia na goti langu. Sasa hashikwi. Jumanne na Jumamosi anaondoka nayo saa nne, na mimi nakwenda Farsta kununua samaki kwa treni, nimekaa kwenye kile kile kiti chenye ubani.